Meza ya kuandikia ya Kifaransa yenye njumu za mbao inauzwa Paris: tuipindue kwanza kabla ya kutoa hela

Mchongaji93 (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Kuna dada humu jamvini amenitumia tangazo la meza ya kale inayouzwa Paris, anataka kujua kama bei ni ya haki. Amekubali tuijadili hapa ili na wengine wafaidike, ila jina la muuzaji tunaliacha. Kazi yangu ni ukarabati wa fanicha za kale huku Montreuil, pembeni mwa Paris, na meza za aina hii zinapita mikononi mwangu mara kwa mara. Nitaandika kwa urefu, mwenye swali aulize.

Tangazo lenyewe: meza ndogo ya kuandikia, miguu iliyopinda, mwili wa mwaloni uliovikwa vinia, yaani tabaka jembamba la mbao nyingine lililogundishwa juu. Juu kuna shada la maua lililotungwa kwa vipande vya mbao za rangi tofauti, ndiyo kazi wanayoiita marketari. Kwenye pembe na kingo kuna mapambo ya shaba iliyotiwa dhahabu. Mbele kuna droo moja yenye kibao cha kuandikia kilichovikwa ngozi. Mwenye mali anataka euro 9,000. Maelezo yanaanza na "style Louis XV", halafu sentensi mbili mbele anatajwa Oeben, fundi wa mfalme, pamoja na Madame de Pompadour, hawara wa Louis XV.

Tuanzie hapo kwenye maelezo. Ufaransa ina amri ya serikali ya tarehe 3 Machi 1981 inayowabana wauzaji wa sanaa na vitu vya kale. Muuzaji akiandika "époque Louis XV" amejifunga kwamba kitu kilitengenezwa enzi hiyo, na ikigundulika sivyo, mnunuzi ana pa kushika. Akiandika "style Louis XV" hajaahidi lolote kuhusu umri. Meza inaweza kuwa ya 1755, ya 1880 au ya mwaka juzi, na yeye yuko salama. Mfalme Louis XV alifariki 1774, lakini umbo la meza zake limenakiliwa bila kukoma hadi leo. Kwa hiyo hayo majina makubwa yanayofuata baada ya "style" ni ya kumvuta mteja tu, hayamo kwenye ahadi.

Hiyo haina maana kwamba meza ni mbaya. Ina maana lazima tuisome yenyewe.

Kibarazani

Mkuu heshima kwako. Mimi naomba kueleweshwa. Keko pale Dar napata meza ya mninga, mbao nzima, haina vinia hata kidogo, inadumu hadi wajukuu. Hii ni mwaloni uliobandikwa vipande juu, na wanataka euro elfu tisa. Hela inaenda wapi? Na huyo Oeben ni nani hasa?

Mchongaji93

Swali zuri sana kaka, na mninga wa Keko nauheshimu, nilijifunzia randa pale.

Jean-François Oeben alikuwa Mjerumani aliyehamia Paris. Alifanya kazi kwa mtoto wa André-Charles Boulle, yule bingwa wa kupachika shaba kwenye magamba ya ng'amba, kisha akawa fundi wa mfalme. Mwaka 1760 alipewa oda ya dawati la Louis XV mwenyewe, lile lenye kifuniko cha mviringo kinachojikunja kwa nyuma. Akafa 1763, dawati halijaisha, na ameacha madeni. Kijana wake wa karakana, Jean-Henri Riesener, naye Mjerumani, akaendeleza karakana, akamwoa mjane wa bosi wake, akalimaliza dawati 1769. Aliweka jina lake na mwaka ndani ya njumu zenyewe. Dawati liko Versailles hadi leo.

Mimi hili la wageni huwa linanigusa. Chama cha mafundi cha Paris kilikuwa na masharti magumu ya kuingia, lakini mtaa wa Faubourg Saint-Antoine ulikuwa chini ya abasia ya watawa wa kike, na humo mtu aliweza kufanya kazi bila kuwa mwanachama. Vijana waliotoka Ujerumani na Flanders wakajaa huko. Fanicha ambazo dunia nzima inaziita za Kifaransa zilitoka kwa sehemu kubwa mikononi mwa wahamiaji.

Sasa hela inaenda wapi. Chukua ua moja tu kwenye meza hiyo, waridi lenye petali kumi na mbili. Kila petali ni kipande chake cha mbao, na kimekatwa ili mishipa ya mbao ielekee upande wa petali. Vinia hupangwa tabaka kadhaa pamoja, mchoro unabandikwa juu, na fundi anakaa kwenye kiti maalumu chenye taya za mbao mbele yake. Mguu unabana taya, mkono unasukuma msumeno mwembamba kuliko uzi wa kushonea viatu. Akishakata, kila petali inashikwa kwa kibano na kuchovywa ukingo mmoja kwenye mchanga uliopashwa moto, sekunde chache tu. Ukingo unaungua kidogo kuwa kahawia, upande wa pili unabaki mweupe. Ndiyo maana ukiliangalia lile waridi unaona kivuli, unaona petali imejikunja. Hakuna rangi iliyopakwa hapo. Ukizidisha mchanga petali inakuwa mkaa, unakata nyingine. Mwisho mishipa ya majani inachongwa kwa patasi ya ncha kali na kujazwa lami nyeusi.

Shada zima linaweza kuwa na mamia ya vipande, na wembe haupiti katikati ya viwili. Hela imeingia humo.

Mzee_wa_Nachingwea

Mwanangu Mchongaji, umeniamsha usingizini. Mimi mzee wa kuchonga mpingo tangu ujana. Hebu sema mbao zenyewe ni zipi na zinatoka wapi. Hapo ndipo mchongaji anapoijua kazi.

Mchongaji93

Shikamoo mzee. Hapa utafurahi.

Meza nyingi za namna hii zimevikwa mbao mbili kutoka Brazili, ambazo Wafaransa wanaziita bois de rose na bois de violette. Ya kwanza ina michirizi ya waridi na manjano, ya pili ni zambarau iliyokolea. Zote mbili ni za jenasi ya Dalbergia, yaani ni ndugu wa damu wa mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon. Ukiipiga randa bois de violette utasikia ugumu uleule, na vumbi lake linakera pua vilevile. Maua yenyewe mara nyingi ni mbao nyeupe za Ulaya zilizotiwa rangi: kijani kwa majani, buluu na nyekundu kwa maua. Mwili wa ndani ni mwaloni kwa sababu ulipatikana na hautikisiki sana.

Rangi hizo zimepotea karibu zote. Meza unayoiona leo ina rangi ya asali na kahawia, ilipotoka karakana ilikuwa inawaka. Watu wanaipenda ile kahawia wakidhani ndiyo uzee wenye heshima, ila fundi aliyeitengeneza hakukusudia hivyo, na mimi binafsi naumia kila nikifungua droo na kukutana na kijani kilichosalia mahali ambapo jua halikufika.

Na mpingo wenyewe kutoka Lindi na Mtwara bado unafika hapa. Magharibi ya Paris, Mantes-la-Ville, kiwanda cha Buffet Crampon kinautumia kutengeneza klarineti.

Mzee_wa_Nachingwea

Marahaba. Nimekuelewa vizuri. Hilo la ndugu wa damu nitawaambia vijana wa hapa kijiweni, maana wanadhani mpingo hauna ukoo.

BintiMvita

Assalaam aleykum wote. Mie ndiye mwenye kuitaka hiyo meza. Naishi Brussels, lakini nia yangu ni kuipeleka Mombasa, nyumbani kwa mama, Mji wa Kale. Kakangu Mchongaji, kwanza nieleze, mie si fundi, nikienda kuiona nitazame wapi? Pili, kuna mtu kaniambia mbao hizo zimepigwa marufuku kusafirishwa, ni kweli?

Mchongaji93

Waaleykum salaam dada. Naanza na la pili kwa kuwa ni jepesi. Tangu Januari 2017 Dalbergia zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Marufuku si neno lake, zinahitaji vibali. Lakini tangu mwishoni mwa 2019 kuna msamaha kwa bidhaa iliyokamilika, ikiwa uzito wa mbao hiyo ndani ya mzigo hauzidi kilo 10. Wanahesabu mbao iliyoorodheshwa tu, hawahesabu meza nzima. Vinia ya meza ndogo haifiki huko. Hata hivyo beba maelezo ya maandishi ya aina za mbao, maana afisa wa forodha hana muda wa kubishana. Kinachokataliwa kabisa ni pembe za ndovu na magamba ya ng'amba bila karatasi zake, na meza yako kwa picha nilizoziona haina hivyo.

Sasa namna ya kuitazama. Shada la maua liache kwanza, hapo ndipo kila mtu anatazama, na ndipo muuzaji anapotaka utazame. Omba ruhusa utoe droo nje kabisa, uilaze meza ubavuni juu ya blanketi, uwe na tochi.

Tazama mbao za chini zisizopigwa msasa. Msumeno wa mkono unaacha mikwaruzo iliyonyooka isiyolingana. Msumeno wa duara unaacha mikwaruzo ya upinde, na huo ni wa karne ya 19. Ukiona upinde kwenye mbao ambayo ni sehemu ya mwili wa asili, karne ya 18 imekwisha hapohapo.

Tazama pembe za droo. Meno yanayounganisha ubavu na uso yakikatwa kwa mkono hayafanani, jino moja jembamba, jingine nene, na utaona mstari mwembamba wa alama ya fundi kabla hajakata. Droo pia ina historia ya matumizi: chini ya mbavu zake mbao imelika kwa kuvutwa miaka na miaka, na imelika zaidi mahali panaposuguana. Uchakavu ulio sawasawa kila mahali ni uchakavu wa kutengenezwa.

Tazama unene wa vinia pale ilipobanduka au kwenye ukingo wa tundu la kufuli. Vinia ya karne ya 18 ilipasuliwa kwa mkono, inakaribia milimita mbili na haiko sawa. Ya mashine ni nyembamba, chini ya milimita moja mara nyingi, na iko sawa kote.

Skrubu zinazoshika shaba: za zamani zina mfereji wa kichwani uliokaa upande na nyuzi zisizolingana, ncha butu. Skrubu yenye ncha kali na nyuzi sawasawa ni ya mashine, kuanzia katikati ya karne ya 19. Lakini skrubu hubadilishwa, kwa hiyo usihukumu kwa moja.

Shaba yenyewe. Zamani dhahabu ilichanganywa na zebaki, ikapakwa, kisha ikapashwa moto hadi zebaki ikaruka kama mvuke. Mafundi wa kazi hiyo waliugua na kufa mapema, na kila nikisafisha shaba ya namna hiyo nawakumbuka. Dhahabu yake ni nene, ina joto fulani. Kuanzia miaka ya 1840 ukaja upakaji wa umeme, dhahabu nyembamba na ya rangi moja. Kagua pia kama majani ya shaba yamechongwa baada ya kumiminwa au yametoka tu kwenye kalibu yakaachwa na nyuso laini.

La mwisho ni tundu za dumuzi. Tundu dogo la duara ni kawaida. Ukiona mfereji mrefu wazi juu ya mbao, ujue mbao hiyo ililiwa kwanza halafu ikapasuliwa, yaani mtu amechukua mbao kuukuu akajengea kitu kipya.

Nyamwezi_Lyon

Mkuu, na muhuri je? Nimesikia meza halisi huwa na jina la fundi limegongwa chini. Si uangalie hilo tu yaishe?

Mchongaji93

Kaka, muhuri ndio kitu rahisi kuliko vyote kughushi. Kanuni za chama za 1743, zilizoanza kutiliwa nguvu 1751, ziliwataka mafundi wakuu wagonge jina lao, na wakaguzi wa chama waligonga pembeni herufi JME, alama yao ya ukaguzi. Mafundi wa mfalme walisamehewa, kwa hiyo kazi nyingine bora kabisa hazina muhuri. Na chuma cha kugongea jina mtu yeyote mwenye tamaa anaweza kukichonga.

Historia ya kughushi hapa ni ndefu. Karne iliyopita kule Orléans kulikuwa na André Mailfert, alikuwa na karakana nzima ya fanicha za kale alizotengeneza mpya, hadi akabuni fundi ambaye hakuwahi kuishi, akampa na mtindo wake. Na hivi karibuni kasri la Versailles lenyewe lilinunua viti vya karne ya 18 ambavyo baadaye ilibainika vimetengenezwa zama zetu. Waliohusika, mtaalamu aliyekuwa akisikilizwa na kila mtu pamoja na fundi mahiri wa kuchonga, walikamatwa 2016 na mahakama ya Pontoise ikawatia hatiani 2025. Kama Versailles imeuziwa, dada yetu asitegemee muhuri.

Lakini mbali na za asili na za kughushi kuna kundi la tatu, na humo ndimo ninamoshuku meza hii imo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Paris ilijaa karakana zilizonakili kazi za karne iliyotangulia hadharani, bila kumdanganya mtu. Henry Dasson alinakili hata dawati la mfalme. François Linke alipata medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya Paris ya 1900, na baadaye akafanya kazi ya Mfalme Fuad wa Misri kwa ajili ya kasri la Ras el-Tin, Aleksandria. Hizi si feki. Ni kazi za watu waliojua kazi. Ubaya unaanza pale mtu wa leo anapoiuza nakala kwa bei ya asili.

Kibarazani

Nimekuelewa mkuu, najiondoa kwenye hoja ya Keko kwa heshima zote. Huyo Pompadour anaingiaje?

Mchongaji93

Oeben alimtengenezea meza ya mashine, iko jumba la Metropolitan, New York. Ukivuta droo kuja mbele, uso wa juu unarudi nyuma wenyewe, nafasi ya kuandikia inakaribia mara mbili. Kwenye shaba za pembe kuna mnara, alama ya ukoo wake. Muuzaji wetu amemtaja kwa sababu droo ya meza yake nayo ina kibao cha kuandikia. Lakini droo yake inavutwa kama droo nyingine yoyote, hakuna mashine.

BintiMvita

Nimerudi. Jumamosi nilishika treni nikaenda, na picha nimezitia humu. Muuzaji alinuna kidogo nilipotaka kuilaza, kisha akakubali. Mie naona hivi: chini kuna ile mikwaruzo ya upinde. Meno ya droo yote sawasawa. Kwenye kona ya kushoto vinia imeinuka, nimepima kwa rula, haifiki milimita. Skrubu zina ncha. Lakini kakangu, kile kibandiko cha shaba cha tundu la ufunguo kilikuwa kimelegea, nikakisogeza kwa kidole. Chini yake kuna kipande cha jani, kijani kibichi kabisa! Jani hilohilo nje ni kahawia. Nimesimama pale nikashindwa kusema.

Mchongaji93

Dada umefanya kazi nzuri sana, wapo wanaolipwa kwa kazi hii ambao hawalazi meza.

Nimezikuza picha zote. Mwili ni wa mashine, nusu ya pili ya karne ya 19, na mimi naiweka baada ya 1870. Oeben hakuiona. Lakini tazama picha yako ya nne, waridi la katikati: kivuli cha mchanga moto kipo kwenye kila petali, na mishipa ya majani bado imejaa lami yake. Maana yake ni kwamba hakuna aliyewahi kuipiga msasa mzito. Nakala nyingi za enzi hiyo zimesuguliwa hadi majani yamebaki mabaka matupu. Shaba za pembe zimechongwa mbele kwa uangalifu. Hii imetoka karakana nzuri, ya mtu ambaye hakuandika jina.

Bei ya 9,000 inaomba heshima ya jina lisilokuwepo. Fanicha za kale zenye mbao nyingi zimeshuka bei sana huku tangu mwanzo wa karne hii, watu wanaishi kwenye nyumba ndogo. Mpe 6,000, mwoneshe kona iliyoinuka na picha za chini, usipandishe sauti. Na hata mkielewana, dai ankara yenye maelezo. Amri ileile ya 1981 inamlazimu muuzaji, ukimwomba, aandike aina ya mbao, asili na umri aliouzia. Aandike kwa mkono wake "mwisho wa karne ya 19".

Kuhusu Mombasa nitakuwa mkweli hata kama hutapenda. Gundi ya meza hii ni ya ngozi ya wanyama, inalainika kwa joto na unyevu. Mwaloni na vinia vitavimba kwa viwango tofauti, na chumvi ya bahari itaila shaba. Chumba chenye AC inayozimwa usiku na kuwashwa mchana ni kibaya kuliko chumba kisicho na AC kabisa, kwa sababu kinachobomoa ni kupanda na kushuka. Ningekuwa wewe ningeiweka Brussels, mbali na dirisha na rejeta ya kupasha nyumba joto.

BintiMvita

Tumekubaliana 6,200, ankara ninayo, ameandika kama ulivyosema. Mama nimemweleza, amesema meza ikae huku, yeye atakuja kuiona. Sasa hiyo kona iliyoinuka, kuna gundi nyeupe hapa nyumbani, niibandike?

Mchongaji93

Hongera sana dada. Gundi nyeupe hapana, usiiguse! Ikiingia pale haitoki tena, na fundi atakayefuata atalazimika kuivunja vinia. Gundi ya ngozi inarudishwa hai kwa maji ya moto kidogo na chuma cha vuguvugu, ndiyo maana kazi za miaka mia mbili bado zinatengenezeka. Kwa sasa weka karatasi laini juu ya kona, fungia utepe wa kitambaa bila kukaza ili kipande kisinase kwenye nguo kikavunjika. Kikidondoka, kiweke kwenye bahasha, usitupe hata kibanzi. Wakati wa kuibeba toa droo, shikeni chini ya fremu watu wawili, msiishike kwa uso wa juu wala kwa shaba. Nitumie ujumbe faragha tupange siku uilete Montreuil.